Mkeka wa Nailoni

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, cheti kipya cha ualimu, na hasira za karibu. Nilitoka kwetu Miono, mashambani, nikapangiwa kufundisha kazi za mikono katika shule moja ya msingi Bagamoyo mjini. Ilikuwa miaka ya sabini, kila shule ina shamba lake na kila mwalimu anatakiwa aonyeshe kwamba wanafunzi wake wanaweza kujitegemea. Mimi nilionyesha kwa kupiga kelele.

Nyuma ya stoo kulikuwa na lundo la mifuko ya nailoni. Mbolea ya shamba letu ilikuja katika magunia yenye nailoni nzito nyeupe kwa ndani, na mbolea ikiisha hakuna aliyejua nailoni iende wapi. Ukiichoma, inanuka mtaa mzima. Ukiifukia, mvua inaifukua. Mbuzi wa jirani alikula kipande akafa, mwenyewe akaja juu, na mwalimu mkuu akaniita.

"Wewe ndiye wa kazi za mikono," akasema. "Itafutie kazi."

Sikuwa na wazo lolote. Wazo lilinijia kwa njia ambayo sikuitegemea, siku niliyokwenda kumgombeza mtu.

Darasa la saba kulikuwa na msichana mmoja ambaye masika yalipoanza alikuja shule siku mbili kwa wiki, au moja. Mtihani ulikuwa unakaribia. Nikaenda kwao mwenyewe, maneno yangu nimeyapanga tangu njiani. Nilimkuta jikoni, ameinama juu ya makaa, anakausha mkeka. Mwingine ulikuwa umeanikwa barazani, unachuruzika. Chumbani alilala bibi yake, aliyemlea tangu utotoni. Kiharusi kilikuwa kimemshika upande mmoja, na mkojo haumngoji tena. Mikeka ile ya miyaa, majani makavu ya mkoma, ikilowa jua la kiangazi huikausha, lakini mvua ile haikuacha jua. Mikeka ikaanza kuoza, na mgongo wa bibi ukaanza vidonda.

"Jirani yuko tayari kumwangalia mchana," msichana akaniambia. "Ila mikeka ndiyo haikauki, mwalimu. Nikiondoka analala majini."

Sikugomba. Nilirudi taratibu huku nikijiona mpumbavu. Akibaki nyumbani, atafeli. Akija shule, bibi yake ataoza mgongo. Nilipopita nyuma ya stoo nikaliona lile lundo, maji ya mvua yakiteleza juu ya nailoni bila kuingia, nikasimama pale nikilowa.

Kesho yake nikalitangazia darasa: tutakata nailoni vipande vyembamba, tutasuka ukili, tutashona mkeka wa kuoshwa kwa maji na kufutwa kwa kitambaa. Nilisema kama fundi. Ukweli ni kwamba kwetu tunajua vikapu. Ukili wa pwani, ule msuko mrefu mwembamba unaoshonwa ubavu kwa ubavu mpaka uwe mkeka, sikuwahi kuushika. Wasichana wa Bagamoyo wanaujua kabla hawajajua kusoma. Mimi niliifuta mifuko kwa tambara kavu, wavulana wakaikata kwa wembe, jioni tukafunga kazi.

Asubuhi nikakuta vipande vyote vimezama ndani ya mapipa ya maji.

"Nani kawatuma?" nikafoka.

"Mwalimu," akajibu mmoja wao kwa upole, kama anayemweleza mgeni njia ya sokoni, "kabla ya kusuka lazima uloweke. Zilainike."

"Hiyo ni nailoni! Iloweke mpaka Kiyama, hailainiki!"

Walinitazama kwa huruma. Mama zao waliloweka, na bibi zao, na mimi Mkwere wa Miono nimekuja kuwafundisha ukili. Nikatia mkono ndani ya pipa ili niwaonyeshe ujinga wao. Nilikuwa na mkwaruzo kidoleni, na maji yale yaliniwasha mpaka nikautoa mkono haraka. Yalikuwa meupe, mazito, yananuka mbolea.

Tambara langu halikuondoa kitu. Mbolea ilikuwa bado imeganda kwenye mikunjo ya nailoni, na mimi nilikuwa naenda kumlaza juu yake mgonjwa mwenye vidonda. Desturi isiyohusika kabisa na nailoni ndiyo iliyomwokoa yule bibi, na walioifuata ni watoto niliokuwa nawafokea.

"Badilisheni maji," nikasema.

Tuliloweka siku tano, maji mapya kila asubuhi, mpaka yakawa safi kama ya kunywa. Msuko wa kwanza ukafumuka wote kwa utelezi. Ni yule msichana mwenyewe, siku aliyoweza kuja, aliyekunja kila kipande mara mbili na kujipaka majivu vidoleni. Ukashika. Akasuka huku ananieleza hesabu iliyompita, hata hautazami mkono wake, na ukili ukawa unamtoka mapajani mweupe, sawasawa, hauishi. Wenzake wakafuata. Nilistaajabu, wala sioni haya kusema machozi yalinilenga. Kile kile kilichoua mbuzi sasa kilikuwa kizuri kukitazama. Nami nikasuka wangu mmoja, kwa jasho jingi, nao ukashonwa pamoja na ya wengine.

Mkeka ulipokamilika tukaupeleka, msichana na mimi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

Jirani akatusaidia kumgeuza, tukautandika kitandani chini yake. Kwa mkono wake mzima bibi akapapasa mishono, mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nimesikia kwamba zamani alishona mikeka ya maharusi wa mtaa ule. Mkono ukasimama.

"Huu kasuka mwanamume," akasema.

Msichana akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamwaga kata ya maji juu ya mkeka, akafuta kwa kitambaa, akampa bibi yake aguse. Pakavu.

"Mwaga tena," bibi akasema.

Akamwaga tena, akafuta. Bibi akaweka kiganja pale pale, asikiondoe, na machozi yakaanza kumshuka. Nikadhani ni vidonda vinamuuma, nikaanza kusema habari za dawa ya hospitali.

"Sililii mgongo, mwalimu," akanikatiza. "Tangu Mfungo Mosi, Ramadhani ilipoisha, sijasali mahali safi. Wanazuoni wananiambia mgonjwa ana ruhusa. Najua ninayo. Lakini mimi nimewashonea watu misala ya kusalia maisha yangu yote, na mwenyewe nalala kwenye najisi."

Mimi nilifikiria vidonda na mtihani, na siku zote hizo sikujua alikuwa anasubiri nini.

"Adhuhuri imeingia?"

"Imeingia, bibi," msichana akajibu.

"Basi nigeuzeni kibla."

Tukakishika kitanda, mimi kichwani, jirani na msichana miguuni, tukakigeuza. Msichana akamletea maji ya udhu, akamtawadhisha polepole, kisha akajikalia chini kando ya kitanda, kama alivyozoea.

"Unangoja nini?" bibi akamuuliza. "Nenda na mwalimu wako shule. Mimi nataka kusali."