Gari la Chama

Kwa miaka ishirini Mong'ina alichuma chai katika shamba kubwa mbali na kwao Nyaramba, na kilichomchoma moyo ni kuona wenzake wakifa na kuzikwa ugenini. Alipochaguliwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, alikikutanisha na kikundi cha msaada cha akina mama wa Nyaramba: mchumaji akifa, chama kitoe gari, kikundi kitoe jeneza, azikwe kwao.

Wiki jana walimrudisha Ochoki, mpiga dawa ya magugu, aliyekohoa mwaka mzima. Kaburini, katibu wa chama akausifu ushirikiano huo, watu wakapiga makofi.

“Makofi ya nini?” Mong'ina akafoka. “Ochoki aliniomba gari hili hili limpeleke hospitali. Nikamjibu kwamba ni la maiti.”