Boma la Huku na Boma la Kule

Nyumba isiyoezekwa, alikuwa akisema shangazi yangu, haikai bila mwenyewe. Binadamu asipoingia, ataingia mwingine. Nilikuwa namcheka, maana mimi ni mtu wa kupika, na mtu wa kupika huamini kile anachokiona kinachemka. Siku hizi simcheki. Kijijini kwetu, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Tingi, zilikuwepo nyumba mbili za namna hiyo, kuta tupu bila paa, zimesimama dirisha kwa dirisha katikati ya mikorosho. Jengo la hivyo sisi twaliita boma. Yote mawili yalikusudiwa kuwa zahanati.

Mgeni huuliza: kijiji kimoja, zahanati mbili za nini? Nami humjibu kwamba hatukuwa na hata moja.

Vyama vyetu viwili tulizoea kuviita Huku na Kule, kwa sababu wenye chama kimoja wengi wao walikaa upande huu wa barabara, na wenye kile upande wa pili. Sivitaji kwa majina yao. Wenyewe wanajijua, na mimi bado nauza chakula pande zote mbili. Diwani alipokuwa wa Huku, serikali ilileta fedha ya zahanati, wananchi tukatakiwa tusombe mawe na mchanga. Watu wa Huku wakasomba. Watu wa Kule wakakaa barazani wakitutazama, wakasema wao hawabebi mawe ya kampeni ya mtu. Na wake zao walikuwa wajawazito kama wake zetu! Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, niliwaambia, wakanicheka.

Fundi mkuu alikuwa kaka yangu, mkubwa wangu wa tumbo moja. Mimi nikapewa kazi ya kuwapikia mafundi, yeye na mwiko wake, mimi na mwiko wangu. Nyumbani kaka alikuwa mtu wa maneno machache na hasira za karibu. Akipanda jukwaa la ujenzi akashika timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia unyoofu wa ukuta, anaimba. Nilikuwa nasikia kaswida zake kutoka jikoni kwangu, nikajua tofali zinakwenda vizuri, nikaongeza kisahani cha pilipili kwenye chakula chake.

Kuta zikafika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Uchaguzi ukaja, kiti kikaenda Kule, kazi ikasimama. Diwani mpya akatuambia mkutanoni kwamba amekuta kasha tupu, wenzake wametumia kuliko walichokuwa nacho, kuna nakisi. Nakisi ni neno la redioni. Kwangu mimi nakisi ni sufuria isiyowatosha watu ambao wameshanawa mikono. Sasa mpishi mwenye akili, chakula kikipelea, huongeza maji kwenye mchuzi. Hatelekezi sufuria iliyo nusu kuiva akainjika nyingine pembeni. Wao ndivyo walivyofanya. Fedha ilipopatikana tena hawakuezeka boma la Huku, maana paa lingekuwa lao na sifa ingekuwa ya wenzao. Wakachimba msingi mpya palepale jirani, wakaleta mafundi wao wa Kule, wakanyanyua kuta hadi lenta. Fedha ikaisha. Safari hii walioshangilia ni watu wa Huku. Vita vya panzi furaha ya kunguru, lakini kwetu hata kunguru hakufaidi, hakukuwa na paa la kutua.

Mimi nilirudi kwenye vitumbua na chai ya asubuhi. Mwanamke hakosi la kukaanga. Kaka yangu je? Mikorosho yake ni michache na imezeeka. Akaenda Lindi kutafuta kazi ya ujenzi, akavuka hadi Songo Songo kwenye gesi, kote akaambiwa aache namba ya simu. Simu ile aliilaza juu ya jamvi mbele yake kama mgonjwa anayemuuguza. Haikulia.

Kisha asubuhi moja akavaa nguo zake za kazi, akachukua karai, mwiko na timazi, akaondoka. Mkewe akamshukuru Mungu, akajua kazi imepatikana. Akarudi alasiri amechoka, akaoga, akala, akalala. Kesho yake vilevile. Wiki ikapita, mwezi ukaandama, mkononi harudi na kitu.

Wifi yangu akaja jikoni kwangu.

"Wifi, ndugu yako ana mtu."

Nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe. Nilisema moyoni, kama ni mwanamke tu, hilo tutalimaliza.

"Mwanamke wa wapi?"

"Si wa kike. Anasema naye usingizini. Anamwambia, lete udongo, lete udongo, jua linapanda." Akatazama mlangoni. "Na watu wanasema kwenye lile boma mchana kunagongwa. Mimi mwenzio nimechoka. Korosho zikishaokotwa, akiwa bado hivi, narudi kwetu Sudi na wanangu. Siwezi kulala na mtu ambaye hayupo."

 Nilifunga wali na samaki kwenye bakuli, nikatoka jua likiwa la utosi, saa ambayo mama yetu alikuwa akitukataza kupita mahali patupu. Mikorosho ilikuwa imetulia, hata kunguru kimya. Mbuzi wa jirani walikuwa wamelala kivulini mbali na kuta, ingawa majani ya ndani ndiyo yaliyokuwa mabichi zaidi. Nikasikia: ko, ko, ko. Ule mlio wa mpini wa mwiko ukigonga tofali likae. Niliuzoea mlio ule, ndio ulionipa riziki, na siku ile mwili ukanisisimka.

Nikachungulia dirishani. Kaka yangu alikuwa anajenga. Alikuwa ameziba mlango wa chumba ambacho kingekuwa cha kujifungulia, tofali juu ya tofali, kamba imenyooka, timazi linaning'inia sawasawa. Ila karai lake lilikuwa kavu. Alichota kisichokuwepo, akakipaka, akakisawazisha kwa ncha ya mwiko, akakata ziada pembeni, akaweka tofali. Ukuta ulipomfika kifuani akarudi nyuma, akautazama, akaridhika. Akaanza kuushusha, moja moja, kuupanga upya upande wa pili. Na alikuwa anaimba.

"Lete udongo!" akaita, bila kugeuka.

Hakukuwa na mtu mle. Lakini kutoka nje, upande wa boma la Kule, nikasikia karai likitua chini, kisha ko, ko, ko.

Bakuli sijui nililiacha wapi. Nilikimbia utu uzima wangu wote, kanga mkononi.

Shangazi aliponisikiliza hakunicheka, ingawa alikuwa na haki. Akasema kaka ameshikwa na mwenye nyumba, basi azinguliwe, na azinguliwe palepale, saa ileile. Akamchukua mwalimu wetu wa madrasa, mtu mpole wa sauti nzuri, tukaenda watatu, shangazi mbele na chetezo cha ubani.

"Shikamoo kaka," nikasema mlangoni.

"Marahaba. Karibuni, angalieni nondo zisiwachome." Alitupokea kama watu wa ukaguzi.

Mwalimu akaanza kusoma. Moshi wa ubani ukajaa kwenye zile kuta, haukupanda juu, upepo ukausukuma ukatoka dirishani kwetu ukaingia dirisha la pili. Mwalimu akasoma kwa sauti zaidi. Ndipo kule ng'ambo kitu kikakohoa.

Mwalimu akanyamaza. Kaka yangu peke yake ndiye hakushtuka. Kikakohoa tena, kikapiga chafya, kisha dirishani kikatokea kichwa cheupe, uso mweupe, kifua cheupe, macho mekundu. Shangazi akadondosha chetezo. Na kile kitu kilipotuona ndani ya moshi, kikapiga ukelele kuliko sisi:

"Audhubillahi!"

Alikuwa fundi mkuu wa Kule. Vumbi la tofali lilikuwa limempaka mwili mzima. Yeye na kaka walijifunza ujenzi pamoja ujanani, na tangu siasa ziwe siasa walikuwa hawaitikiani salamu, hata msibani kila mmoja alikaa mkeka wake. Tukamkalisha, tukampa maji. Naye alikuwa anakuja kila siku, tofali kavu, ukuta unapanda, ukuta unashuka.

"Mimi nilidhani upande huu kuna jini," akasema, akijifuta vumbi machoni. "Lakini sikutaka aondoke. Nikisikia anagonga, najua kazi ipo."

Kaka akaweka mwiko chini. "Na mimi nilikuwa nakusikia wewe," akasema.

Nilitamani lingekuwa jini. Jini lina dawa yake, lina kisomo chake, unalipa jogoo linakwenda. Wanaume wawili wazima, mmoja Huku mmoja Kule, kila mmoja anamshikia mwenzake uhai wake kwa mlio wa mwiko, na wala hawasalimiani. Hilo lisomewe nini? Mwalimu alikunja kitabu chake akaenda zake.

Shangazi akatangaza kaka amepona. Kweli, hakwenda tena bomani. Alishajua aliye upande wa pili ni mtu tu, hana kazi kama yeye. Akakaa ndani. Akaacha kuimba, akaacha kunyoa, mwisho akaacha kujibu. Ukimwekea chakula anakula, ukisahau hakumbushi. Watoto wake wakajifunza kumpita kama wanavyopita nguzo. Niliingia siku moja nikadhani chumba kitupu, nikaanza kufagia, nikafagia hadi miguuni pake. Tulimwondolea jini, tukamwondoa na yeye mwenyewe. Nilimkasirikia shangazi, nikajikasirikia, na zaidi niliwakasirikia wale waliokuwa wakipishana juu ya kiti kimoja na kuhutubia kuhusu nakisi, shati limepigwa pasi.

Korosho zikaokotwa. Wifi akaanza kukunja nguo za watoto. Hakununa wala hakugombana, alikunja tu. Mkono mtupu haulambwi.

Wiki hiyohiyo mtendaji wa kijiji akaita mkutano. Akasema ramani ya zahanati imebadilika, maboma yetu hayafanani nayo, na pia ni hatari kwa watoto na mifugo. Kitajengwa kituo kikubwa mahali pengine, fedha itakapopatikana. Fedha ya kujenga kwa sasa haipo. Fedha ya kubomoa ipo. Huku wakapiga makofi kwa sababu boma la Kule litavunjwa, Kule wakapiga makofi kwa sababu ya boma la Huku, na hilo ndilo jambo pekee nililowahi kuona wamekubaliana. Wakatafutwa vijana wenye nguvu. Mtendaji akaongeza kwamba wangependelea mafundi wale wale waliojenga, kwa kuwa wao wanajua nondo zilipo.

Nilikwenda kumwambia kaka nikiwa naogopa. Kuta zile alizipenda. Nilidhani atalia, au atanipiga. Alinisikiliza, akainua kichwa, akasema, "Lini?" Lilikuwa neno lake la kwanza tangu msimu uanze.

Na mimi niliitwa kupika. Nikatoa masufuria makubwa, nikayasugua majivu. Asubuhi ile nikasikia nyundo, nzito, mbili, moja huku na moja kule, zikipokezana. Halafu juu yake nikasikia kaka yangu anaimba, na yule mwenzake anamwitikia. Nilisimama na mwiko mkononi nikashindwa kukoroga. Waliniambia alianzia chumba cha kujifungulia, akapanda juu ya ukuta mwenyewe, hakutaka mtu amsaidie.

Jioni alirudi nyumbani mweupe kwa vumbi, meno yote nje. Akawarusha watoto juu, wakapiga kelele kwa furaha. Akaoga, akakaa mkekani, akala ugali wa muhogo na kisamvu, akaomba tena, akamtania mkewe kuhusu mabegi yale mlangoni, kwamba Sudi siku hizi wameishiwa samaki ataenda kula nini. Wifi akacheka, akainuka akaingia ndani na begi moja, akarudi kuchukua la pili. Nilikuwa namtazama kaka yangu mzima mbele yangu, yule yule, na mwili ukanisisimka kuliko siku ile ya dirishani.

Akanawa mikono. Akajinyoosha.

"Mdogo wangu," akaniuliza, "uchaguzi mwingine lini?"

Nikamwambia haukuwa mbali.

"Waje tu," akasema. "Hawa wakitoka wale watajenga, wale wakitoka hawa watabomoa. Mtu hatakosa kazi."

Wifi, ndani, akajibu kwa sauti: "Amina."