Fundi wa Guleid

Korane alikuwa fundi wa chuma, na balaa lake lilianzia hapo. Kwingine fundi chuma huitwa bwana, akavutiwa kiti na kumiminiwa chai ya moto. Kwa Wasomali wenzake wa Garissa aliitwa tumaal, mtu wa ukoo wa wahunzi, na neno lenyewe lilitamkwa kwa kukunja pua. Mfugaji hakuweza kuishi bila kisu na shoka la Korane, lakini hakuna aliyekubali kumpa binti wala kula naye sinia moja. Waliitupa kazi mlangoni, wakasimama mbali kama wanaoogopa kuambukizwa, kisha wakaondoka. Mtu anamdharauje aliyemfulia kisu kilicho kiunoni mwake? Mimi sijui, lakini wao waliweza, tena bila kuona haya.

Alioa tumaal mwenzake, Kaltun, na Kaltun akafariki bila kumwachia mtoto. Tangu hapo Korane akawa anazungumza na moto. Kazi ile alifundishwa na baba yake, naye baba alifundishwa na babu. Kilichomkosesha raha ni kwamba baada yake hapangekuwa na mtu wa kusema, huyu Korane ndiye aliyenifundisha.

Mwaka 1966, vita vya mashifta, waasi wa Kisomali waliotaka kujitenga na Kenya, vilipopamba moto, serikali iliwakusanya wafugaji katika vijiji vilivyozungushiwa uzio wa miba, askari wakilinda lango. Kijiji cha Korane kilikuwa nje kidogo ya mji. Ngamia wengi walikuwa wamekufa au wamechukuliwa. Wanaume waliozoea kuhama na mvua walishinda kutwa wakiitazama miba.

Ndipo akaja afisa mmoja kutoka Taita, mtu mchangamfu, akajenga karakana ya mabati na kuleta fuawe mpya. Alitaka waliopoteza mifugo wapate mafunzo ya ufundi, akamweka Korane awe mkufunzi. Alimkalisha chini akamweleza maneno ya kazi ile, kwa sababu Korane alijua kufua chuma lakini hakujua kufua chuma kunaitwaje ofisini. Mwanagenzi, alisema afisa, ni yule anayejifunza kwa kufanya kazi ubavuni mwa fundi. Stadi ni jambo ambalo mkono wake umeshalizoea hata haungoji kuambiwa. Na mwisho kuna jaribio, mtahini huja kutoka mbali akampima.

"Siku ya jaribio," afisa aliongeza, "mwanagenzi humtaja fundi wake mbele ya watu. Jina lako litaandikwa kwenye cheti chake."

Korane alimwomba arudie hilo la mwisho.

Afisa alihamishwa kabla hata mvua hazijaanza, na hakuna aliyekuja kujifunza. Wazazi waliona afadhali vijana wao wakae na njaa kuliko wakae na tumaal. Korane aliifagia karakana kila asubuhi, akawasha moto, akangoja. Jioni aliuzima. Siku nyingine hakutamka neno hata moja tangu alfajiri hadi anapolala, na aliposali sauti yake mwenyewe ilimshtua.

Kisha, mchana mmoja wa jua kali, watu wakiwa wamejilaza, akaingia Guleid.

Guleid alikuwa mtu mzima mwenye mke, na zamani ngamia wake walijaa bonde. Sasa alibaki na fimbo tu. Mkwewe, mzee Ahmednoor, alikuwa ameshamwambia kwamba binti yake Hawo hataendelea kukaa na mume asiye na mbele wala nyuma.

"Nifundishe," alisema Guleid, bila salamu.

Mwezi wa kwanza alisimama mbali na Korane kadiri koleo lilivyomruhusu. Lakini chuma cha moto hakijui ukoo. Ukitaka kukigeuza sharti msogeleane. Akasogea. Akaungua, Korane akampaka samli kidoleni, na Guleid hakuuvuta mkono. Baadaye alianza kumwita adeer, yaani baba mdogo. Alimwita hivyo mle ndani tu. Wakikutana kwenye foleni ya maji alimpita kama anayepita kigingi.

Korane alinunua bilauri ya pili. Tangu Kaltun afariki, chai yake ilikuwa ya mtu mmoja.

"Adeer," Guleid alisema siku moja, macho yakiwa chini, "nyumbani nimewaambia nilifundishwa na yule afisa, na sasa najizoeza tu. Nimesema wewe kazi yako ni kuvukuta moto. Mzee Ahmednoor akijua kwamba nimekaa chini ya tumaal, atamchukua Hawo."

"Na kuvukuta navukuta vizuri," alijibu Korane.

Wakacheka wote wawili. Lakini Guleid alipoondoka Korane hakucheka tena. Alijipa moyo kwamba mtahini atauliza, na mbele ya mtahini Guleid atasema kweli.

Mtahini alifika na lori la askari. Hakumjua yeyote. Kijiji kizima kilijaa mbele ya karakana, mzee Ahmednoor akiwa mbele kabisa, na nyuma yake Hawo na mtoto mgongoni. Guleid aliambiwa atengeneze bawaba ya lango. Kabla ya kila pigo aligonga fuawe mara mbili, polepole. Hayo yalikuwa mazoea ya babake Korane, na Korane hakuwahi kumwambia afanye hivyo. Mkono wa Guleid ulijiokotea wenyewe. Korane aliinama juu ya mivukuto ili watu wasimwone machozi.

Mtahini aliifungua bawaba, akaifunga, akaifungua tena.

"Umefaulu," alisema. "Fundi wako ni nani?"

Guleid alimtazama mkwewe. Akamtazama Hawo. Kisha akageuka, akamtazama Korane moja kwa moja, mbele ya watu wote, kwa mara ya kwanza. Akapiga moyo konde, akafungua mdomo. Korane alijua jina linalokuja. Alilingoja maisha yake yote.

"Ni ule afisa ya Taita, bwana," Korane alidakia kwa Kiswahili chake. "Mimi kazi yangu moto tu. Kufundisha, habana."

Mtahini akaandika. Wanawake wakapiga vigelegele, mzee Ahmednoor akamshika mkwewe mkono, na umati ukamwondoa Guleid pale huku shingo yake imegeuka nyuma.

Alipata kazi mjini, ya kutengeneza malango na pampu za maji. Karakana kwa Korane hakuja tena. Wiki kadhaa baadaye walikutana langoni, Guleid akiwa na jamaa zake. Alisita, akatoa salamu.

"Waaleykum salaam, fundi," Korane alimjibu.

Jamaa walicheka kusikia tumaal anavyojipendekeza. Guleid hakucheka. Alitaka kusema kitu, lakini wenzake walishatangulia, akawafuata.

Korane alirudi karakana, akawasha moto na kuchemsha chai. Mkono wake ulimimina katika bilauri mbili kabla hajauzuia. Alikunywa yake, kisha akaketi akiitazama ile nyingine mpaka ikapoa, akainywa pia.