Waya Chini ya Pedali

Kila aliyesikia kwamba natafuta ubovu wa regilatere alicheka. Regilatere ni kile kifaa kinachoshika mwendo wa gari chenyewe, mguu ukapumzika. "Kindu hii? Kwa mashimo haya?" Nikawaacha wacheke. Mimi ndiye niliyejua jinsi goti langu la kulia linavyowaka nikikanyaga mafuta kutoka Kibombo na magunia ya mpunga nyuma. Na ni mimi niliyeona kwamba greda imepita kiangazi kile, ikaacha vipande virefu vya barabara vilivyonyooka.

Mdogo wangu wa kiume hakucheka. Yeye alikuja na hukumu kwa yaya wake, yaani dada yake mkubwa.

"Yaya, uzisha hii motokari. Muguu yako imeisha kuchoka. Kaa kwa nyumba, watoto watakulisha."

"Muguu iko yangu, motokari iko yangu. Na kinywa ya kula iko yangu vilevile."

Akawakusanya jamaa. Wakakata shauri mbele yangu kana kwamba sipo: mpunga mpya ukitoka kabla regilatere haijashika, gari linauzwa. Nilikasirika. Gari lile nililinunua kwa mpunga niliousomba mwenyewe, na bila gari mimi ni bibi wa kukaa kwenye kiti cha plastiki na kuulizwa kama nimekula. Sikutaka kuulizwa kama nimekula.

Basi nikaanza. Nilikuwa na balbu ndogo yenye nyaya mbili, aliyoniachia baba, na hiyo inatosha kuuliza umeme uko wapi. Nikibonyeza kitufe kwenye usukani, taa ya kijani ilijitokeza mbele yangu, kwa hiyo fyuzi ilikuwa nzima. Mshale wa mwendo ulipanda na kushuka bila kusita, kwa hiyo gari lilijua mwendo wake. Nikafungua usukani, nikapima kitufe cha kushikisha mwendo. Balbu ikawaka. Nikafuata nyaya hadi kwenye injini, sikuona palipokatika wala palipotafunwa na panya. Lakini nikitoka barabarani, nikibonyeza na kuinua mguu, gari lilipoa kama uji uliosahauliwa mezani.

Siku kadhaa nilitukana tu. Halafu nikatulia, nikaanza kufikiri upande wa pili. Kifaa hiki kina amri mbili, ya kushika na ya kuachia. Ya kushika ilikuwa nzima. Je, kama kuna kitu kinachokiambia kiachie tangu mwanzo? Na kinachokiambia kiachie ni breki. Ukigusa breki, swichi ndogo juu ya pedali huwasha taa za nyuma na papo hapo huiamuru regilatere iache mwendo. Swichi hiyo isiposikika, regilatere haithubutu kushika kitu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama, goti likalia, nami nikalia nalo kwa sauti. Kwa tochi nikaiona ile swichi. Nyaya zake zilikuwa zimechomolewa na kukunjwa vizuri, zikafungwa kwa utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, mizunguko imebanana, ncha imepenyezwa chini. Kindu nzima, kufunga vile nilikujua kwa mtu mmoja tu. Naye tulikuwa tumeshamzika.

Baba alikuwa mtu wa reli, aliyeletwa na kazi kutoka Kasai. Vita vilipoifunga njia ya treni, alibaki na pikapu yake kuukuu, akawa anasomba mchele. Jioni moja, giza likiingia, tulifika kwenye bonde la barabara, akakanyaga breki. Mdogo wangu alikuwa amelala juu ya magunia nyuma. Taa nyekundu zikawaka, na kutoka porini wenye bunduki wakapiga palepale palipokuwa pekundu. Gunia lilipasuka karibu na kichwa cha mtoto, mchele ukamwagika barabarani. Tulipofika nyumbani baba hakula. Alilala chali chini ya usukani, akachomoa waya wa taa za nyuma, akaufunga kwa mpira wa baiskeli. "Kusimama si kosa," alituambia. "Kosa njo kuonekana umesimama."

Pikapu wenye bunduki waliichukua baadaye hata hivyo. Mimi nikasukuma mpunga kwa baiskeli, na goti langu liliharibikia huko.

Nilimwita mdogo wangu, nikamwonyesha ule utepe. Hakukana.

"Njo miye nilizichomoa, yaya. Siku ile motokari ilifika. Nilisema naisafisha."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilitaka kumpiga, nikataka kumkumbatia, sikufanya lolote. Nilikata ule mpira, nikachomeka nyaya, nikamwambia anifuate kwa pikipiki yake.

Giza likiingia, kwenye kipande kilichonyooka nikabonyeza, nikainua mguu. Gari halikupoa. Liliendelea, na goti langu lilikaa tu, kama mgeni anayehudumiwa. Nilicheka peke yangu hadi nikaona shimo mbele, nikagusa breki.

Kwenye kioo nikauona uso wake umekuwa mwekundu kwa taa zangu za nyuma. Pikipiki ikayumba. Nikasimama, akaja hadi dirishani, jasho likimtoka, mtu mzima mwenye mvi.

"Yaya, zizime. Watakuona."

"Wanione."

Nikakanyaga breki tena, kwa makusudi, nikaishikilia hapo.