Komeo la Nje

Leo, dukani hapa Mtanda, nimenusa kamba mpya ya katani, nikajikuta nimeshatoka nje.

Utotoni, nyumbani Miteja, baba aliweka marobota ya kamba kama hiyo stoo. Babu hakuingia humo kamwe. Jembe lake lililokaa humo alituagiza sisi wajukuu tumletee. Siku moja hakutuona, akaingia mwenyewe. Mimi nilikuwa nimejificha kando ya mlango. Nikausukuma mlango, nikatia komeo kwa nje, nikangoja anibembeleze.



"Babu, piga hodi nikufungulie!"

Nilipochoka kungoja nilifungua, nikamkuta amechuchumaa, mikono kichwani, macho chini.

"Nipo, bwana," akasema. "Sijatoroka."

Nikacheka, nikidhani ananiigizia. Bibi akaja mbio kutoka jikoni, mikono imejaa unga, akachuchumaa mbele yake.

"Mzee wangu, vita vilikwisha. Wazungu waliokuchukua kwa nguvu ukakate mkonge wa kamba kama hizi walishaondoka. Uko kwako."

Babu hakuinuka. Alimpita bibi kwa macho, akanitazama mimi, mtoto wa kike wa miaka saba mwenye komeo mkononi, akaniuliza kwa adabu:

"Naruhusiwa kutoka, bwana?"