Mchota Maji wa Bariadi Aliyeanika Ngano ya Ranjan

Saa kumi na moja alfajiri, Milembe binti Nkinda amepiga magoti katikati ya mto usio na maji. Ni Julai, mto umebaki mchanga mtupu. Anafukua kwa kibuyu kilichokatwa nusu mpaka mkono unazama hadi begani, kisha anangoja. Maji yanajikusanya polepole chini ya shimo, naye anayateka kidogo kidogo hadi debe linajaa.

"Ukiyaharakisha yanachafuka," anasema. "Haya ni kama mtoto mwenye usingizi. Yaache yaamke yenyewe."

Milembe ni mjane. Huuza maji kwenye nyumba za wenye maduka hapa Bariadi, senti kumi kwa debe. Nyumba anayoipenda kuliko zote ni ya Mhindi muuza vitambaa, kwa sababu mke wa tajiri huyo humtua mzigo kwa mikono yake mwenyewe.

"Wengine husimama mlangoni wananitazama shingo ikikatika," anasema. "Yule hunipokea, tena huniuliza kama nimekula."

Mama huyo jina lake ni Jashoda, lakini mtaa mzima humwita Mama Hasmukh, jina la mwanawe wa kiume. Mtoto wake wa kwanza ni msichana, Ranjan, wa miaka kumi na mmoja. Milembe alikuwa hajawahi kujiuliza kwa nini haitwi Mama Ranjan. Alijiuliza wiki iliyopita, baada ya kufanya kosa lililomtoa mama huyo ukelele mpaka wateja dukani wakaangusha vitambaa.

Ilikuwa hivi. Alipokuwa akimimina maji jikoni, aliona vyungu vitatu vidogo vimewekwa pembeni, kivulini. Ndani yake ngano ilikuwa imeota, imesongamana, majani membamba yana rangi ya njano. Mwanamke yeyote wa Usukuma akiona nafaka iliyooteshwa kivulini, anajua ni kimea cha pombe.

"Nikasema moyoni, maskini, wamejaribu kupika pombe na hawajui. Kimea wamekitia udongo! Na kimepitiliza, kesho kitaoza."

Kwa huruma yake akaking'oa chote. Akakiosha kwa maji ya debe lake, bila kudai hata senti, akakianika juani juu ya ungo.

Mama Hasmukh alipotoka uani alishika kichwa kwa mikono miwili. "Milembe! Umeua!"

"Nimeua nani, mama?"

"Mume wa Ranjan!"

Milembe alitazama huku na huku akitafuta maiti. "Ranjan ana mume? Mtoto huyu? Tangu lini?"

Ndipo alipoelezwa, huku Ranjan akilia mlangoni. Kila mwaka majira haya wasichana wa Kihindu wana sikukuu yao. Huotesha ngano na kumwomba mungu wao wa kike, Parvati, awape mume mwema watakapokua. Kwa siku tano hawaonji chumvi. Mwishoni ile ngano hupelekwa majini kwa heshima. Hiyo ilikuwa siku ya nne, na ngano ya Ranjan ilikuwa inakauka kwenye ungo kama kimea cha arusi.

Milembe hakungoja kufukuzwa. Alikimbia mtoni, akarudi na mchanga mbichi kwenye debe. Wanawake wawili wakachuchumaa pamoja, wakairudisha ngano vyunguni, mche kwa mche. Mingine ilisimama, mingine ikalala.

"Bwana asijue," Mama Hasmukh alinong'ona. "Nitamwambia ni joto."

Hakumkata ujira. Alimpa kipande cha sukari guru, akamfuta udongo usoni kwa ncha ya sari yake. Wema huo ndio uliomtia Milembe ujasiri wa kuuliza.

"Mama, siku nne mtoto hajaonja chumvi?"

"Hajaonja."

"Na Hasmukh hufunga lini, apate mke mwema?"

Ndani Hasmukh alisikika akitafuna bisi za chumvi.

"Mvulana hafungi," mama yake alisema.

"Haa! Kwani mke mwema huokotwa njiani?"

Mama Hasmukh alicheka, ingawa macho yalikuwa na machozi. Halafu naye akauliza, kwa upole kabisa: "Na binti yako Felisita, hajambo?"

"Hajambo. Anaolewa. Ng'ombe wanane wameshafika kwa shemeji yangu kule Sapiwi, wanne wanakuja pamba ikishauzwa."

"Si alikuwa anataka kwenda kwa masista, kuendelea na shule?"

"Alitaka. Lakini kaka yake Marcelo anahitaji ng'ombe wa kuolea."

"Na huyo mume, Felisita anamtaka?"

Bwana huyo ni mfugaji wa Bukundi, mtu mzima, ana wake wawili. Wanaume walikuwa wamekubaliana, Milembe akapika ugali wa wageni.

"Sikumuuliza," alisema.

"Wangu anafunga siku tano, kisha anakula," Mama Hasmukh alisema. "Januari anakwenda shule Mwanza. Nililia kwa baba yake mpaka akakubali. Wako atafunga miaka mingapi?"

Milembe anasema alirudi nyumbani bila kuhisi kata ya debe kichwani. "Nilikwenda kumshangaa mtoto wa watu, kumbe wangu nimemfunga kamba."

Jioni hiyo alimuuliza Felisita, mwenye miaka kumi na mitano, anataka nini. Binti alimtazama kama vile mama amepandwa na homa. Kisha akasema, "Mayu, nataka masista," akajifunika uso kwa kanga.

Kesho yake Milembe alitembea hadi Sapiwi kwa shemeji yake, Machibya, aliye mkubwa wa ukoo tangu mumewe afariki.

"Mwangaluka, shemeji. Nimekuja kwa ajili ya ng'ombe. Warudi Bukundi."

"Mwangaluka. Umelogwa na Wahindi?"

"Nimeulizwa swali tu."

"Mwanamke hasemi habari za ng'ombe. Nenda kachote maji."

Milembe alisema tangu asubuhi hadi mchana, akalia, akapiga magoti. Machibya alikuwa akisuka kamba yake tu. Ndipo Marcelo, kijana wa miaka kumi na minane anayebeba magunia ya pamba, aliyekuwa amemsindikiza mama yake kimya njia nzima, akasogea.

"Baba mdogo, ng'ombe hao si walikuwa wa kuniolea mimi?"

"Ndiyo."

"Basi siwataki. Warudi."

Machibya aliweka kamba chini. "Haya. Kama mwenyewe hutaki, Jumamosi watarudi."

Milembe akilisimulia jambo hili husimamisha hata kazi. Furaha aliipata, lakini mshangao haujamtoka. "Mimi niliyemzaa nimesema mpaka sauti ikakauka. Mwanangu kasema neno moja, likasikika. Neno moja! Nikamshukuru mtoto, kisha nikakaa chini nikalia tena."

Jumatatu Felisita atafanya mtihani kwa masista. Mama Hasmukh ametoa kitambaa cha gauni, na Ranjan ameshona vifungo mwenyewe. Ngano yake ilifikishwa majini salama; Milembe alimfukulia shimo la peke yake, mbali na lile la kunywa. Felisita akipita mtihani, Milembe anakusudia kuongeza safari za mtoni ili alipie bweni.

Na kwa kuwa aliona wenzake wanavyoomba, ameazima desturi yao, ila ameigeuza. Nyumbani kwake mboga haitiwi chumvi hadi Jumatatu, na si kwa ajili ya mume.

Marcelo ametoka kubeba magunia, amemega tonge, ameonja mlenda, uso umekunjamana.

"Mayu, hata kidogo tu? Mimi ni mwanamume."

"Ndiyo maana," Milembe anamjibu, akimsogezea bakuli. "Kula hivyo hivyo."

Marcelo anamtazama dada yake, anacheka, anamega tonge jingine.