Siku Niliyomwitia Mtani Wangu Mwizi

Nilimwitia mtu mwizi, naye hakuwa mwizi. Nilifanya kwa utani, mchana kweupe, nyuma ya soko, mahali ambapo watu hawaulizi ameiba nini mpaka mtu awe ameshalala chini. Nasema mapema ili usije ukafika katikati ya habari hii ukaanza kunitafutia sababu. Sababu sina. Nina mdomo tu, na siku hiyo ulikuwa bado na meno yote.

Chanzo ni mausi ya kompyuta ya mama. Mama ana kibanda cha stationery karibu na mahakama hapa Dodoma. Anachapa barua, anatoa fotokopi, anapiga laminesheni vyeti vya watu. Wateja wake wengi wanatoka Mpwapwa na Kongwa na kesi za mashamba na ng'ombe, na wakishaanza kusimulia hawabaki upande wao wa kaunta. Wanainama, wananyoosha mkono, wanashika mausi wenyewe. "Hapo mama, futa hapo, andika ng'ombe saba, si sita." Mausi za waya walishazing'oa mbili. Ndipo mama akanunua isiyo na waya, akawa anaiendesha juu ya daftari alilolipakata, na mteja akinyoosha mkono anakuta meza tupu.

Mausi hiyo haikufa kwa amani. Ilianza kugoma, mshale unaganda katikati ya barua ya mtu, na mama ni mpole kwa binadamu tu. Siku ya kwanza aliigonga mezani mara moja, ikaamka. Kesho yake aliigonga mara tatu. Siku ya nne alichukua stepla kubwa ya kubania vitabu akaipiga nayo mgongoni. Ikapasuka, na betri moja ikaruka ikampata kifuani mzee wa Kongwa aliyekuja kuchapiwa rufaa.

Mzee akasema taratibu, "Kama mashine mnaipiga hivi, mimi hiyo kesi naweza kuiacha."

Mama akamwomba radhi, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nacheka nyuma ya mashine ya fotokopi. Ilikuwa likizo, nimeingia kidato cha tatu, na kazi yangu kuu ilikuwa kucheka nyuma ya vitu.

"Wewe unayecheka, katafute nyingine. Isiyo na waya. Uijaribu kabla ya kulipa. Na usikae huko, rufaa ya babu mwisho wake saa tisa."

Nilikwenda kwa Mhehe. Ana duka dogo la vifaa vya kompyuta nyuma ya soko, ni kijana wa miaka ishirini na kitu, na kwangu si kaka wala mjomba, ni mtani. Mababu wa Wagogo na mababu wa Wahehe walipigana mpaka wakachoka, na kilichobaki ni kutukanana kwa amani: wao wanatuita ombaomba, sisi tunawaita wala mbwa. Kwa mtani hakuna shikamoo na hakuna kukasirika. Mtani akija msibani kwenu anaweza kushuka kaburini kabla ya marehemu na kukataa kutoka mpaka apewe kitu, na mtacheka huku mnalia.

"Njaa imeingia mjini," alisema aliponiona. "Mgogo, leo sina sarafu. Pita kesho."

"Sijaja kuomba. Nimekuja kuhesabu mbwa wa mtaa huu. Naona wamepungua tangu uhamie."

"Waliobaki wamekonda. Nasubiri wanenepe."

Tukapeana mikono, tukaanza kazi.

Baba husema enzi za ujana wake waliamka alfajiri kupanga foleni ya sabuni, na sabuni yenyewe ilikuwa ya aina moja, uipende usiipende. Mimi nililetewa beseni la kufulia limejaa mausi. Nyingine mpya za Kichina, zinang'aa kwenye maganda ya plastiki. Nyingine mitumba ya Dubai, zina alama za vidole vya watu ambao hatutawajua. Mhehe mwenyewe alinishauri mtumba. "Hizi mpya zinakufa kabla ya betri zake," alisema, "lakini nisikie umemwambia mteja mwingine."

Tabu ya mtumba ni moja. Kila mausi isiyo na waya ina kidude chake kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, na haisikii kidude cha mwenzake. Aliyezipakia huko zilikotoka alitupa mausi upande huu na vidude upande ule. Kwa hiyo Mhehe ana beseni la mausi na kopo la maziwa lililojaa vidude, na kuchagua kwenyewe ni kuchomeka kidude kimoja baada ya kingine kwenye kompyuta yake kuukuu yenye kichogo, huku unatikisa mausi kama unamwamsha mlevi.

Tukahangaika hivyo karibu saa nzima. Nyeusi moja ilipata kidude chake, lakini mshale ulikimbilia pembeni ukakataa kurudi. Nyeupe moja ilikuwa safi, ila gurudumu la katikati limekufa. Halafu nikaiona nyekundu, ndogo, inakaa kiganjani kama imekatwa kwa kipimo cha mkono wa mama. Tukajaribu vidude vyote vya kopo. Hakuna.

"Kidude cha hii kiko kwa fundi simu, pale ng'ambo," Mhehe alisema. "Alikiazima juzi. Lete hela kabisa, nina deni lake dogo, nilimalize palepale. Wewe kaa hapa, linda duka. Na usiwaombe wateja wangu."

Akachukua mausi mkono mmoja na noti zangu mkono wa pili, akavuka barabara.

Nikakaa. Saa ya ukutani ilikuwa saa saba na robo. Nikamwona anatoka kwa fundi simu, na lori la mahindi lilikuwa linakuja, kwa hiyo akakimbia. Mausi mkononi, chenji mkononi. Alipofika katikati ya barabara akapaza sauti, "Mgogo, umeshaiba nini humo ndani?"

Mtaa mzima ukageuka. Mimi sijawahi kuachia neno la mwisho liwe la mtu mwingine. Nikaruka juu ya kaunta, nikaweka mikono mdomoni.

"Mwizi huyo! Kamateni mwizi!"

Yeye akacheka. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote: alikuwa anacheka na anaendelea kukimbia, anakuja kwangu.

Hakufika. Kijana wa mkokoteni aliuzungusha mkokoteni ukampiga kwenye magoti, akaanguka kifudifudi. Wa pili alimpiga teke la mbavu kabla hajageuka. Baada ya hapo sikuweza kuhesabu. Watu walitoka kwenye vibanda kama vile walikuwa wamesimama mlangoni tangu asubuhi wakisubiri jina la mtu. Mmoja alikuja na ubao wenye msumari. Mwingine alikuwa na mnyororo wa baiskeli umejikunja kwenye ngumi. Muuza zabibu, mtu mzima wa kuitwa baba, aliweka mizani yake chini vizuri, akachukua jiwe la kupimia kilo mbili, akaingia.

Niliusikia mkono ukivunjika. Unalia kama kijiti kikavu, ila kijiti hakipigi kelele baada ya hapo.

Nikavuka. "Muacheni, ni utani! Ni mtani wangu!" Nani anasikiliza? Mama mmoja alinivuta shati akaniambia, "Mwanangu, usimwonee huruma. Kesho atakuja kwenu." Nikamponyoka, nikapenya miguuni mwa watu, nikamlalia juu ya kichwa kwa sababu kichwa ndicho kilichokuwa kinapigwa. Nikapata kiwiko cha mdomo, jino likatoka. Nikapata teke la mgongo, kisha lingine. Fimbo zote za mwalimu wetu wa nidhamu ukizijumlisha ni kubembelezwa.

Chini yangu Mhehe alikuwa anapumua kwa mdomo, damu inafanya mapovu. Ndipo nikasikia mtu anasema, si kwa hasira, kama anayeagiza chai, "Leteni tairi."

Kuna kijana akaondoka kwenda kulileta. Nilimwona miguu tu, kandambili za bluu, anatembea, hakimbii. Najua tairi linaletwa kufanya nini. Kila mtoto wa mtaa wetu anajua.

Fundi simu ndiye aliyetuokoa. Alikuwa ndani anachomelea waya, hakusikia kitu mpaka mteja wake alipomwambia. Alitoka na bisibisi mkononi, mtu mnene, anajulikana pale kwa miaka, akaanza kuwavuta watu kwa kola mmoja mmoja. "Huyu ni jirani yangu! Mna wazimu? Hiyo hela nimempa mimi, chenji! Ameiba nini? Nani ameibiwa? Ajitokeze."

Ubao ukashuka. Watu wakatazamana. Hakuna aliyeibiwa. Muuza zabibu akalitazama jiwe lake, akalifuta kwenye suruali.

Kisha mtu wa mnyororo akauliza swali ambalo nilikuwa naomba lisahaulike. "Basi nani alipiga kelele?"

Yule mama aliyenivuta shati akaninyooshea kidole. "Si ni huyu mtoto!"

Sikukana. Ningekana vipi, nilikuwa na damu mdomoni na sina pumzi. Duara likafunga tena, na safari hii lilikuwa langu. Mnyororo ukajikunja upya. Nilijikojolea, nakuambia ukweli, na sijali ukicheka.

Mhehe akainua kichwa kutoka kwenye vumbi. Jicho moja lilikuwa limefunga kabisa.

"Muacheni," alisema. "Ni mtani wangu. Wagogo hawana akili, mtampiga bure."

Mtu mmoja akacheka, kicheko kifupi. Mwingine akafuata. Na hivyo tu wakaanza kutawanyika, baadhi wanasema "pole kaka", mmoja anamfungia kifungo cha shati lililochanika, kama vile alikuwa amejikwaa mwenyewe. Kijana wa kandambili alirudi na tairi begani, akakuta hakuna kazi, akaliegemeza ukutani.

Tulipita polisi kwanza, maana bila fomu yao hospitali haimgusi mtu aliyepigwa. Askari akamuuliza Mhehe nani alianzisha. Akasema walikuwa wengi, hakuwaona. Mimi nilikuwa nimekaa benchi lilelile, nimeshika mausi nyekundu niliyoiokota mtaroni. Akaniangalia kwa jicho lililobaki, akarudia, "Wengi, afande. Sikuwaona."

Mama alikuja hospitali saa kumi. Rufaa ya mzee wa Kongwa alikuwa ameimaliza kwa vitufe vitupu, bila mausi, akaipeleka mahakamani mwenyewe. Fundi simu ndiye aliyemfuata kibandani na kumweleza kila kitu, kwa hiyo sikuwa na la kupunguza. Alimkuta Mhehe amefungwa plasta mkono wa kulia kuanzia kwapani, ule wa kuchomekea vidude, na ameshonwa juu ya jicho.

"Mama mtani," Mhehe alimwambia, midomo imevimba, "mwanao amenipima. Kumbe Mhehe anafika kilo mbili."

Mama hakucheka. Alipiga magoti pale sakafuni, mbele ya kijana mdogo kuliko yeye, akashika miguu yake juu ya shuka akasema pole. Mama yangu sijawahi kumwona amepiga magoti nje ya kanisa. Kisha akainuka, akanitazama mdomo, akautazama mkono wa Mhehe, akasema:

"Likizo yako imeisha leo. Kuanzia kesho unafungua duka lake wewe, unafunga wewe, unambebea maji, unamfulia, mpaka hiyo plasta itoke. Akikutania, cheka. Wewe usimtanie."